Hodi ya Pazia la Saba

Kibibi aliokota kaa la moto kwa vidole, akaligeuzageuza kama anayechagua nyanya sokoni, kisha akaliweka kwenye chetezo na kunyunyiza ubani juu yake.

"Koleo hulioni?" dada yake, Mwantumu, alimwuliza.

"Naliona. Nani wa kunyanyuka?"

Ubani ulinukia vizuri. Vidole navyo vilinukia, lakini si vizuri. Kibibi alivipuliza, akavifuta kwenye kanga, akaendelea na hadithi yake ya nyoka aliyemkuta asubuhi kwenye banda la kuku. Alimshika mkia, akamzungusha, akamtupia jirani uani. Alipofika mahali jirani alipopanda juu ya pipa la maji na kanga moja, alicheka. Kicheko cha Kibibi kilianzia chini kama maji yanayotaka kuchemka, kikapanda, kikafika juu na kukatika kwa kwikwi moja, kama mtoto aliyenyang'anywa ziwa mdomoni.

Mwantumu naye alicheka. Angefanyaje? Maisha yake yote alikuwa amemsindikiza huyu mdogo wake chooni. Kibibi aliogopa radi, aliogopa mvua ikipiga bati, aliogopa kuku anayetazama upande mmoja, aliogopa picha za marehemu na fundi yeyote mwenye nyundo. Alilala taa ikiwaka hadi betri ya jua ikafa kwa uchovu. Halafu ghafla, Mwantumu aliporudi kutoka harusini Muheza, akamkuta mdogo wake amekaa gizani peke yake, anakula karanga na kuimba. Mwantumu alimshukuru Mungu. Alimshukuru pia shehe aliyewapa maji ya kombe ya kuondoa woga, akampelekea jogoo.

Sasa jogoo yule anamuuma hadi leo. Lakini tusimkimbilie.

Siku hiyo alikuwa na haraka. Alijifunga ushungi mpya, akavaa makubazi ya ngozi, akajipaka hina iliyobaki kwenye kucha za miguu. Alikuwa ameitwa kuonja Pazia la Saba.

*

Korogwe nzima walimjua Mwantumu kuwa mwenyekiti wa Wanapazia, watu wanaopenda filamu za Pazia kuliko wanavyopenda kulala usingizi mzuri. Kampuni ya Vivuli Virefu ilikuwa na kawaida moja ya heshima: filamu mpya huonjwa kwanza na mwenyekiti wa tawi kongwe, pamoja na katibu wake, kabla ya kumwagwa nchi nzima. Tawi kongwe lilikuwa lao.

"Mimi sitarajii kitu," Mwantumu alimwambia Shebughe, katibu, wakiwa wamekaa ukumbini. "Nimekuja kuzika tu."

"Hata la Sita ulisema hivyohivyo, ukalia."

"Nililia kwa aibu."

Shebughe alikuwa kinyozi aliyefiwa na mke, mwenye kibanda chake karibu na njia ya reli, na alinyoa watu akiwasimulia Pazia la Kwanza mpaka wengine wakakimbia na nusu ya ndevu. Alitikisa kichwa. Alijua kilio cha mwenzake. La Kwanza waliliona wakiwa vijana, na hakuna aliyelala wiki hiyo. Nyumba ya kawaida, mlango wa kawaida, pazia la kawaida la maua linaloning'inia mlangoni. Chini ya pazia, miguu. Basi. Halafu mguu mmoja unasogea mbele, kidogo tu, kiasi cha ukucha. Watu wazima walijikojolea.

La Pili likapotea njia. La Tatu likatiwa nyimbo. La Nne likapelekwa mwezini, na pazia mwezini linapeperushwa na upepo gani? La Tano miguu ikawa inarukaruka kama ya mchezaji mpira. La Sita ndilo lililomfanya Mwantumu ashike simu na kuwapelekea kampuni ujumbe wa sauti, mbele ya wanachama wote, wakimshangilia.

Maana shida haikuwa hadithi tu. Shida ilikuwa hofu yenyewe. Katika filamu za siku hizi mtazamaji hatishwi. Anamiminiwa hofu iliyokwisha kutoka kwa mtu mwingine. Anavaa kilemba, kitambaa chembamba chenye nyuzi za shaba, na hofu ya huyo mtu inamwingia yeye, na mapigo yake ya moyo na jasho lake. Wanaita kukamua. Anayekamuliwa, wafanyakazi wa kampuni wakiwa peke yao, wanamwita ng'ombe.

La Kwanza lilikamuliwa kabla ya sheria, kwa mwanamke wa Handeni ambaye hakuambiwa lolote. Ilitoka hofu safi, yote, mpaka tone la mwisho. Mwanamke mwenyewe alikufa mwaka uleule. Nyumba iliwaka moto, akarudi ndani kufuata sufuria, akitembea. Wanapazia walimsomea dua kila mwaka, kisha wakala pilau, kisha wakavaa vilemba wakamtazama tena. Baadaye ikatungwa sheria ya ridhaa, wakaja ng'ombe wa kulipwa, na mtu aliyelipwa anaogopa kwa adabu. Hofu ya La Sita ilikuwa kama soda iliyoachwa wazi tangu jana.

"Shikamooni," alisema binti aliyeingia na chupa ndogo ya kioo. Aliitwa Ansila, alitoka kampuni, na kucha zake zilikuwa ndefu, za rangi ya zambarau. Wiki chache nyuma alikuwa amefika nyumbani kwa Mwantumu kuomba radhi kwa ajili ya La Sita, akanywa chai, akala vitumbua vinne, akamsifu Kibibi kwa mapishi. "Hii ndiyo chachu yenyewe. Bado haijazaliana. Mtakunywa funda moja moja, mseme."

Walivaa vilemba. Mwantumu alifumba macho akijiandaa kudharau.

Akawa chumbani. Alikuwa amekaa kitandani akikunja nguo, na mwili uliokunja nguo haukuwa wake. Taa ilikuwa inawaka mchana. Mlangoni, pazia la maua.

"Hodi," sauti ilisema nje. Ilikuwa sauti ya mwanamke mzee, yenye mikwaruzo, inayojipendekeza. Mwantumu aliichukia palepale.

"Karibu," mwili ulijibu, bila kutazama, kama mtu yeyote anavyojibu.

Hakuna aliyeingia.

"Hodi."

"Karibu, ingia tu."

Hakuna aliyeingia. Sasa miguu ilikuwa chini ya pazia, imesimama. Hofu ilianzia kwenye nyayo za Mwantumu, ikapanda polepole kama maji ya mafuriko ndani ya nyumba, inapita magoti, inapita tumbo, na kila ilipopita palikufa ganzi. Hakuna ng'ombe wa kulipwa aliyewahi kuogopa hivi. Hii ilikuwa hofu ya mtu aliyeanza kuogopa utotoni na hakuwahi kupumzika.

"Hodi," sauti ilisema mara ya tatu, karibu zaidi, kwa upole.

"Karibu," mwili ulinong'ona, kwa sababu adabu ni adabu.

Pazia likatikisika. Likatikisika tena. Mkono ulinyanyuka wenyewe, ukalivuta pazia kwa nguvu moja ya kukata tamaa, na nje hapakuwa na mtu. Jua, ndoo, na kuku. Na ule mwili ukacheka. Kicheko kilianzia chini kama maji yanayotaka kuchemka, kikapanda, kikafika juu, kikakatika kwa kwikwi moja.

Mwantumu alivua kilemba. Kitu cha kwanza kilichopita kichwani mwake, kabla ya kingine chochote, kilikuwa hiki: Mguu haukusogea. Vingine vyote wamevipata, lakini mguu haukusogea.

Kitu cha pili ndicho kilichomfanya ashike kiti.

Shebughe alikuwa amevua chake. Alikuwa anatazama chini, kwenye makubazi ya Mwantumu, mahali kidole chake kidogo cha kulia kilipopanda juu ya mwenzake kama kilivyopanda tangu kuzaliwa kwake, na kama kilivyopanda chini ya lile pazia. Kisha Shebughe akainua kiti chake taratibu, akakisogeza mbali.

"Mwenyekiti," alisema. "Sauti ile ni yako."

*

"Lakini ulituambia mwenyewe, mama," Ansila alisema. Hakuwa na ubaya usoni. Alikuwa na uso wa mtu anayeeleza jinsi ya kupika wali. Alibonyeza kitu kwenye mkono wake, na Mwantumu akaisikia sauti yake mwenyewe:

"...mnatuuzia woga wa kuigiza! Woga wenyewe uko huku kwangu. Njooni mumkamue mdogo wangu Kibibi, anaogopa hata kuku, ana akiba ya kutosha nchi nzima!" Nyuma yake wanachama walivunja mbavu. Shebughe alikuwa anacheka kuliko wote.

"Nilikuwa natania!"

"Tulijua. Ndiyo maana hatukuihesabu kuwa ridhaa. Ridhaa tuliichukua kwake mwenyewe."

"Kibibi hawezi kukubali kitu kama hicho. Angezimia kabla hujamaliza kumwuliza."

"Sheria inasema mwenye nyumba aruhusu kwa sauti yake. Tulipiga hodi, akasema karibu." Ansila alikunjua vidole vitatu vya zambarau. "Mara tatu. Sheria inataka moja."

"Mtoto wewe! Nani anayenyamaza akipigiwa hodi?"

"Hakuna," Ansila alisema. "Tumejaribu wilaya nzima."

Shebughe alikohoa. Mwantumu alitafuta pa kutupa hasira yake, akaona kila alipotaka kuitupa pamekwisha kukaliwa na mdomo wake mwenyewe.

"Mngetumia sauti nyingine," alisema mwishowe, kwa unyonge. "Kwa nini yangu?"

"Sauti ya mtu baki ingempa hofu ya kawaida. Tulitaka ile inayotoka pale mtu anapoogopa kile alichokuwa anakikimbilia. Hiyo ndiyo hutoka yote." Aliinua chupa kwenye mwanga. Ndani hapakuwa na kitu cha kuonekana, ila kioo kilikuwa na jasho. "Bado inarudishika. Ijumaa tukishaimwaga kwa umati itazaliana kichwani mwa kila mtu, kama chachu ya maandazi, na hapo hatutajua lipi donge lako. Kabla ya hapo, ndugu wa damu akidai, tunarudisha. Filamu inakufa. Kampuni haigombi."

"Basi nadai."

"Sikiliza kwanza, mama. Wengi hawadai." Ansila alishusha sauti, kama mtu mwenye huruma. "Hofu hairudi tupu. Inarudi na sauti iliyoitoa. Atakuogopa. Si kama alivyoogopa radi. Akisikia kikohozi chako tu, akiona miguu yako. Lakini kuna lile pazia la mwisho, anapolivuta na kuona hakuna mtu. Lile litamsaidia. Kila akiogopa atafika pale, atacheka, itapita. Mwaka, miaka miwili, atazoea. Ndiyo sababu tuliliacha ndani."

Mwantumu alianza kufunga ushungi wake upya.

"Nenda nyumbani ukafikiri," Ansila alisema. "Na filamu, ilikuwaje?"

Ilikuwa nzuri kuliko La Kwanza. Mwantumu aliondoka na jibu lake, na Shebughe naye aliona afadhali kutazama dari.

*

Jioni Kibibi alimsuka. Mwantumu alikaa chini katikati ya magoti ya mdogo wake, akivisikia vidole vilivyoungua vikipita kichwani.

"Dada, hivi nilikuwa naogopa nini?"

"Uliza usichoogopa."

"Na wewe nilikuogopa?"

"Nikikohoa ghafla, unaruka."

Kibibi alicheka mpaka kwenye kwikwi. "Sasa hivi hata ukinijia na panga, nitakuuliza umenoa wapi."

Walikula pamoja, gizani, kwa raha tu ya kukaa gizani. Hakuna aliyesindikizwa chooni. Mwantumu alijiambia maneno mengi usiku ule. Kwamba Kibibi ana furaha. Kwamba ni ukatili kumrudishia mtu mzigo alioutua. Kwamba Ijumaa bado. Yote yalikuwa maneno mazuri, na chini ya yote, kama panya chini ya kabati, lilikuwapo lile jingine: kwamba Ijumaa nchi nzima itavaa vilemba, na La Saba litawanyamazisha wote waliosema Pazia limekufa, na mwanzoni kabisa litasomwa jina la tawi la Korogwe.

Kesho yake Kibibi alitumwa chumvi ng'ambo ya reli.

Mwantumu aliyaona yote akiwa duka jingine, upande wa huku. Garimoshi la siku hizi halina dereva. Lina jicho, na jicho limefundishwa kwamba mtu akisikia honi hukimbia, kwa hiyo halipunguzi mwendo kwa ajili ya mtu. Lilipiga honi. Mbuzi walikimbia, watoto walikimbia. Kibibi alisimama katikati ya reli na pakiti ya chumvi mkononi, akageuka kulitazama, akatabasamu kama mwenyeji anayemwona mgeni wake akija kwa mbali. Alipunga mkono.

Aliyetoka mbio ni Shebughe, wembe mkononi, mteja amemwacha na povu. Alimrukia Kibibi kiunoni. Garimoshi likachukua pakiti ya chumvi na mkono wa kushoto wa Shebughe likauvunja sehemu tatu, likaendelea na safari yake ya Mombo bila kujua.

"Mbona umenivuta?" Kibibi alimwuliza, kwa mshangao wa kweli. "Lilikuwa linakuja vizuri."

Shebughe alilala kwenye kokoto, mweupe kama povu lake. Mwantumu alipofika, alimshika ushungi kwa mkono uliobaki.

"Mwenyekiti. Ile filamu naipenda kuliko nilivyompenda marehemu mke wangu, na yeye alijua. Lakini mimi nimekwisha kumtoa Kibibi relini mara moja. Huu mkono mwingine ni wa kunyolea."

*

Alhamisi Mwantumu alimpeleka Kibibi ukumbini. Alimkalisha chumba cha pembeni na sahani ya biskuti, akaingia kwa Ansila.

"Nadai."

"Sawa, mama."

"Ila." Mwantumu alipangusa midomo. "Niletee kilemba kwanza. Mara moja tu. Ya kuaga."

Ansila aliishika chupa kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza uso wake ulikuwa na kitu kama wasiwasi. "Mama, kwenye chupa mna kidogo. Funda la kuonja tunaliachia, halidhuru. La pili linakula chachu yenyewe. Na linaanzia pale mtazamaji anapopapenda."

"Kidogo tu."

"Mimi nimekueleza."

"Umenieleza. Nimemlea mimi, nimemsindikiza chooni miaka yote hiyo. Funda moja nastahili."

Basi akavaa. Safari hii miguu haikumtisha, ilikuwa miguu yake. Sauti haikumtisha, alikwisha kuizoea, hata akaiona ina utamu wake. Alipita vile vyumba vya hofu upesi kama mtu anayepita sokoni bila haja ya kununua. Alikuwa anangoja kicheko. Kesho filamu haitakuwapo duniani, na kile kicheko cha pale pazia linapofunguka, kicheko cha mtu aliyefika upande wa pili akiwa hai, hakuna Pazia lolote lililowahi kukipata. Kilipokuja alikishika kwa roho yake yote. Alikiacha kimpande kifuani, kikachemka, kikapanda, kikafika kwenye kwikwi. Kikayeyuka ulimini kama sukari guru.

Alivua kilemba machozi yakimtoka. Ansila alikuwa ameinua chupa kwenye mwanga. Kioo kilikuwa kimekauka upande mmoja.

"Umeumaliza mwisho," alisema.

"Mwisho upi?"

"Pale anapovuta pazia. Pale anapoona hakuna mtu. Anapocheka. Pamekauka, mama. Atarudishiwa mpaka pale pazia linapotikisika, na hapo ndipo inapoishia."

"Si mtengeneze! Si mna mitambo?"

"Tunakamua. Hatutengenezi."

"Tungoje basi."

"Tukingoja, kesho ni Ijumaa. Na njia ya reli iko palepale."

Mwantumu alisimama katikati ya chumba. Chumba cha pili alimsikia Kibibi akiongea na biskuti, akizitania kwa jinsi zinavyovunjika. Kumwacha hivi, atakufa kabla ya mwezi kwisha, akicheka. Kumrudishia, ataishi. Ataishi sana, watu wa kwao huishi sana.

"Mrudishie," alisema.

Ansila alisimama kwenye mlango wa chumba cha pembeni, akagonga fremu kwa kucha, kwa sababu sheria ni sheria.

"Hodi humu."

"Karibu!" Kibibi aliitikia, mdomo umejaa biskuti.

Lilikuwa karibu la mwisho kusikika kinywani mwake. Walimvika kilemba, akiuliza kama kinampendeza. Mwantumu alisimama mlangoni kuona. Kwanza Kibibi aliangalia mikono yake, akaona vile vidole vilivyoungua, akaanza kulia kama vimeungua sasa hivi. Kisha akatazama taa. Kisha akatazama dirisha. Kisha, polepole, macho yakashuka sakafuni, yakatambaa hadi mlangoni, yakafika kwenye makubazi ya ngozi na kile kidole kilichopanda juu ya mwenzake.

Ansila alilikimbia yowe la Kibibi ameziba masikio. Na yeye kazi yake ilikuwa hiyo.

*

Sasa Shebughe ndiye anayeingia kwa Kibibi. Shebughe hamtishi. Asubuhi huja na mkono wake kwenye bendeji, anapokea sahani uani, anapita, anakaa naye, anatoka na sahani ikiwa imeguswa kidogo. Mwantumu anapika, anafua, anatembea kwa vidole ndani ya nyumba yake mwenyewe. Siku moja aliling'oa pazia, akidhani atampunguzia. Kibibi alizimia hadi jioni, kwa kuwa mlango mtupu ulikuwa mbaya zaidi. Akalirudisha.

"Anacheka?" huuliza kila siku.

"Hacheki."

"Hata kidogo?"

"Anafika mahali kama anataka, kifua kinapanda. Halafu anaanza upya." Shebughe hukwepa kumtazama anaposema hivyo. Jana aliongeza, akiwa amegeukia ukuta: "Wanachama wanauliza. Kampuni imetangaza la Saba limekufa. Wanasema mwenyekiti amewanyima." Akairekebisha bendeji. "Mimi nimewaambia hawajui kitu. Nimewaambia anayetaka kuona Pazia lenyewe aje akae pale chumbani nilipokaa mimi."

"Shebughe!"

"Nisamehe. Lilinitoka."

Leo Shebughe hakuja, bendeji inafunguliwa hospitali. Uji uko mkononi mwa Mwantumu, na mtu hawezi kushinda na njaa. Kuingia kimyakimya kama mwizi kungemuua. Alisimama mlangoni peku. Jua la uani lilikuwa mgongoni kwake, na kivuli chake kililala juu ya maua ya pazia, kirefu.

"Hodi," alisema, kwa upole kadiri alivyoweza.

Ndani, pumzi ilikatika.

"Kibibi, ni mimi. Nimekuletea uji. Una tangawizi."

Kimya. Tangu kuzaliwa kwake hakuna aliyemnyamazia hodi. Alijua yampasa aweke bakuli chini, arudi nyuma, aende jikoni akalie kama watu. Alijua kabisa. Aliinama kutazama pa kuliweka, akaona kile ambacho Kibibi alikuwa anakiona kutoka upande wa pili: upindo wa pazia, mwanga chini yake, na nyayo mbili nyeusi zimesimama ndani ya mwanga. Ilikuwa picha kamili. Hakuna nyimbo, hakuna mwezi, hakuna kurukaruka. Miaka yote hii wamehangaika na mitambo yao, na kumbe ilikuwa inataka mchana, na nyumba ya kawaida, na mtu anayekupenda.

Kilibaki kitu kimoja tu walichokisahau.

Mwantumu alishusha pumzi. Kisha, bila haraka, akausogeza mguu wa kulia mbele, kiasi cha ukucha.